Unywele Kwenye Mpira wa Kamera

Kila asubuhi ya likizo, Kidoti alipofika kazini kwa mama yake, alivaa kofia na glavu za kuzuia uchafu kabla hata ya kusalimia. Mama alikuwa fundi wa baridi. Naam, baridi! Kamera ya darubini kubwa haioni nyota za mbali mpaka ipozwe nyuzi mia moja chini ya sifuri, maana joto lake lenyewe huijaza picha madoa. Kwanza pampu huvuta hewa yote ndani ya kamera, ndipo mtambo wa kupoza uwashwe. Hewa ikibaki, unyevu wake huganda juu ya jicho la kamera.

Jumatatu Mama alifunga kifuniko cha kamera. Chini yake hukaa mpira mwembamba wa duara unaozuia hewa, na Kidoti ndiye aliyemkabidhi mpira huo.

Mpaka Jumatano, mshale wa kipimo cha hewa ulikuwa umegoma kushuka. Hewa ilikuwa inaingia, haijulikani wapi.

“Fundi,” alisema Mkuu wa karakana, “kamera isipokuwa baridi Ijumaa adhuhuri, naipeleka karakana nyingine. Sina la kufanya.”

Miezi minane ya jasho la Mama! Alikuwa amefungua pampu yote, amebadilisha mabomba. “Kuna mahali nimekosea mimi,” alinong’ona.

Kidoti alikumbuka. Jumatatu ile misuko yake mipya ilimwasha, akavua kofia ajikune. Mpira ukamponyoka, ukaanguka sakafuni. Aliuokota haraka, akampa Mama vilevile, kimya. Sasa mama yake anajilaumu bure! Alikaza moyo.

“Mama, si wewe. Ni mimi. Mpira ulianguka nikanyamaza.”

Mama alimtazama kwa hasira. “Siku mbili nahangaika na pampu, nawe uko hapa hapa umefunga mdomo?”

“Nisamehe, Mama. Lakini tukifungue kifuniko sasa hivi. Kupoza kunataka siku nzima, na siku nzima bado tunayo.”

Mama alishusha pumzi, akachukua spana. Skrubu thelathini na mbili! Kidoti alizipokea moja moja, mikono ikimuuma. Kifuniko kilipotoka, Mama alimulika mpira kwa tochi. Unywele mmoja mweusi ulikuwa umelala juu yake, ukiacha upenyo wa hewa.

“Huu si wangu,” alisema Mama, akipapasa kichwa chake kilichonyolewa kipara. Kidoti alicheka huku machozi yakimtoka.

Walisafisha, wakafunga upya. Jioni mshale ulianza kushuka. Ijumaa, saa moja kabla ya adhuhuri, kipimo cha baridi kilisoma nyuzi mia moja chini ya sifuri.

Mkuu alitungua daftari la makosa lililoning’inia ukutani. Desturi ya karakana ile ni kwamba aliyekosea huandika kwa mkono wake. Kidoti alifungua, akakuta: “Nilisahau kuziba vali. Mimi, Mkuu.” Naye akaandika lake, herufi kubwa kubwa.

“Sikiliza, mwanangu,” alisema Mama. “Ungesema Jumatatu, tungeufuta mpira kwa dakika moja. Kukosea tunakosea sote. Ila kosa liseme siku ile ile, kabla halijamwangukia mwingine.”

“Na kamera ijayo,” aliuliza Mkuu, “mpira atashika nani?”

“Huyu huyu,” alijibu Mama. “Nani mwingine anajua unywele mmoja unaweza kufanya nini?”

Kidoti aliivuta kofia yake mpaka masikioni.