Nilisema Mkasi Umeniteleza

Chwaaa!

Nilipogeuka kutoka kwenye pasi, gauni la bibi harusi lilikuwa limekatwa kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Mkasi uko mkononi mwa binti yangu!

Jamani, harusi ilikuwa kesho yake asubuhi.

Kosa la bibi harusi? Alikuja kujipima mara ya mwisho, akakuta binti kaweka simu yake juu ya gauni. Akasema kwa upole, "Mdogo wangu, naomba utoe simu." Kisha akaingia nyuma ya pazia kuvua nguo.

Basi. Kwa hilo tu!

"Fundi, nini hicho?" akauliza, anachungulia.

Hapa ndipo ninapojichukia. Mdomo ukajisemea wenyewe...

"Samahani, dada. Mkasi umeniteleza."

Nimezoea. Binti yangu alipovunja dirisha la jirani, nilisema ni mimi. Alipomrushia mwalimu daftari, nilienda shuleni kusema anaumwa. Mama yake akikemea, namkatiza: "Muache, ni umri tu." Ana miaka kumi na sita. Nikajiona baba wa kisasa. Ptuu!

Bibi harusi akaliona gauni, akakaa sakafuni, akalia.

Na binti? Kaokota simu yake.

"Si umesikia ni baba? Mlaumu yeye. Kazeeka, mikono inamtetemeka."

Na uongo ule, wallahi, nimemfundisha mimi.

"Dada, nimekudanganya," nikasema. "Kakata yeye. Kwa makusudi."

Binti akanikodolea macho. Nilisubiri matusi. Badala yake akaiweka simu chini.

"Baba... kwani ni kosa langu?"

"Mkasi uliushika wewe!"

"Lakini siku zote unasema si kosa langu."

Hakuwa anaigiza. Aliuliza kama mtu aliyepotea anaulizia njia!

Nikamkalisha kwenye stuli, nikampa wembe afumue lesi iliyokatika, ili nishone upya. Akafumua hadi jioni, bibi harusi kakaa mbele yake. Usiku nikalishona gauni, likavalika, ila lina mshono kuanzia kiunoni ambao mimi nauona kwenye kila picha ya harusi.

Wazazi wenzangu, mwanangu hana pepo wala hasira za kuzaliwa. Kwa miaka kumi na sita nilimwita mtoto wangu mpenzi, na sikuwahi kumwambia, "Hapo umekosea."

Siku nilipomwambia, mtoto wa watu alikuwa ameshaumia.