Video Aliyoiona Aaliya

Asubuhi ile zahanati ya kijiji kimoja kisiwani Pate ilijaa kama kawaida. Watoto walilia, mama zao walinung'unika, na Bi Swafiya, muuguzi, alikuwa hajaonja hata chai. Ndipo akaingia Aaliya.

Aaliya alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na mtoto mmoja. Alikuwa akichomwa sindano ya kupanga uzazi ili arudi chuo cha ualimu. Tarehe yake ya sindano ilikuwa imepita kitambo.

"Mbona hukuja?"

"Nimeiwacha, Bi. Nimeona video kwenye simu. Wasema damu ya mwezi isipotoka hukusanyika tumboni, ikaoza. Sasa nanywa ndimu na chumvi kuzuia mimba."

Swafiya alihisi kichwa kikimgonga. Kila wiki video! Kila wiki uzushi mpya!

"Astaghfirullah! Mimi nimesomea kazi hii, nawe wamsikiliza mtu wa simu? Basi nenda akutibu yeye!"

Aaliya alijifunika buibui lake vizuri, akatoka.

Keziah, muuguzi mwenzake aliyehamia kutoka bara, alikuwa amesikia yote.

"Ameenda na ndimu yake," akasema.

"Nimechoka, Keziah! Nikisema moja, simu yasema kumi."

"Lakini simu haimfokei. Mwombe akuonyeshe alichoona. Muulize kilichomtia hofu. Lililo kweli, kubali ni kweli. Lisilo kweli, mweleze kwa nini. Halafu achague mwenyewe."

"Na foleni hii yote?"

"Akipata mimba asiyoitaka, foleni itapungua?"

Swafiya alimwita mgonjwa aliyefuata, uso ameukunja.

Alasiri alikwenda nyumbani kwa Aaliya, akamkuta peke yake na mtoto.

"Mwanangu, nisamehe kwa maneno ya asubuhi. Hebu nionyeshe hiyo video."

Waliitazama pamoja. Swafiya aliuma midomo asipige kelele.

"Nini kilichokutia hofu?"

"Sioni damu, Bi. Nilidhani imenijaa ndani."

"Kukosa damu ni kweli, sindano huleta hivyo. Lakini haikusanyiki. Kila mwezi kizazi hujiwekea utando. Usipobeba mimba, utando ule hutoka na damu. Sindano huufanya uwe mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Na ndimu haizuii mimba kabisa."

"Nitazaa tena? Video yasema sindano huchelewesha."

"Utazaa, inshallah. Ukiacha sindano, huenda ukangoja miezi kadhaa. Hilo watu wa video hawakusema uongo."

Aaliya alishusha pumzi. "Mume wangu hajarudi tangu niache sindano. Aja Ijumaa kutoka Mombasa. Nilikuwa naogopa nisije nikashika mimba."

Kesho yake alikuja zahanati. Alipimwa, akaonekana hana mimba. Swafiya alimweleza njia zote, na kasoro zake. Aaliya alichagua kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, ingawa aliambiwa damu yaweza kuja ovyo ovyo. Alipewa na kondomu za siku saba za mwanzo, hadi kijiti kianze kufanya kazi.

Muhula ulipofunguliwa, Aaliya alirudi chuoni. Wiki hiyo hiyo msichana mwingine alichungulia mlangoni kwa Swafiya, simu mkononi.

"Bi, Aaliya amesema wewe hukasiriki."

Swafiya alikuwa amekasirika tangu alfajiri.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Kaa hapa, unionyeshe."