Zamu ya Mwalimu Yesenia

Mimi Saturnina sina maneno mengi, ila nikiudhika nasema. Mwaka ule niliudhika kweli.

Binti yangu Nélida alikuwa na miaka tisa. Katika miaka mitatu alikuwa amepata walimu wanne, na bado hajui kusoma. Kila mwalimu alianzia herufi za mwanzo. Kitabu hakijafika katikati, mwalimu keshaondoka. Kijiji chetu kiko juu milimani, baridi inauma, na gari la mizigo hupanda Jumamosi tu.

Mimi mwenyewe sijui kusoma. Sikutaka mwanangu awe kama mimi.

Mwezi Machi akaja Mwalimu Yesenia, dada wa pwani, mwembamba, mcheshi. Tulimpokea kwa tarumbeta, tukamvika maua, tukamchinjia simbilisi wanne wanono. Tukatangaza mbele ya watu kwamba mwalimu ni mgeni wa heshima, asiguse jembe. Kisha kila mtu akarudi kwenye viazi vyake.

Mwanzoni mwa Mei, siku ya Jumanne, nilimpelekea supu. Nikakuta godoro limelowa, limeegemezwa ukutani. Paa la nyasi lilikuwa limetoboka, mbingu unaiona. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa.

"Jumamosi nashuka na gari, mama," akasema. "Sirudi."

Moyo ulinipasuka. Nikatoka bila kuaga, nikaenda moja kwa moja shuleni. Siku hiyo alikuwepo Bwana Huaracha, mshauri wa walimu wa wilaya, ambaye hutembelea shule za milimani. Nikammwagia yote. Nikamwambia walimu wa siku hizi hawana shukrani, wanakula simbilisi wetu na kutukimbia.

Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaniuliza, paa langu likitoboka nani hulitengeneza.

Nikamwambia swali gani hilo. Majirani, bila shaka. Leo wao kwangu, kesho mimi kwao. Ndiyo ayni yetu, tumezaliwa nayo.

"Na mwalimu mmempa zamu?"

"Mwalimu ashike jembe? Heshima itakuwa wapi?"

"Heshima yenu imemfungia nje, mama. Hana zamu kwa mtu, na hakuna mwenye zamu kwake. Nani atampandia paa?"



Bwana Huaracha akanieleza taratibu. Serikali huwapa walimu wa mbali nyongeza ya mshahara. Nyongeza humleta mwalimu, lakini peke yake haimkalishi. Mwalimu hukaa akiwa na nyumba kavu, akiwa na mwalimu mzoefu wa kumuuliza kazi ikimlemea, na akiwa na watu wake. Mwalimu mzoefu angemtafuta yeye, kutoka shule ya ng'ambo ya bonde. Tena kulikuwa na nafasi za masomo kwa vijana wa milimani, wasomee ualimu kisha warudi kufundisha kwao. Nyumba na watu, akasema, ni juu yetu.

Jioni ile nilizunguka nyumba kwa nyumba. Mume wangu Leoncio akanitania kwamba hata wakati wa kumtafuta yeye sikukimbia hivyo. Alhamisi tukaja watu thelathini na nyasi mabegani. Kufikia jua kuzama, paa lilikuwa jipya. Mwalimu alisimama uani akilia, hajui akae wapi.

Kisha akajifuta machozi. "Zamu yangu ya kulipa ni lini?"

"Jumamosi," nikasema. "Viazi vyangu."

Wote tulijua Jumamosi ni siku ya gari. Usiku ule sikupata usingizi.

Jumamosi alikuja, amevaa sketi ya kuazima. Jamani, alichimba vibaya! Kila kiazi alikikata vipande viwili. Leoncio akamwambia, "Mwalimu, hivi ni viazi, si maadui zako." Shamba zima likacheka, naye akacheka kuliko wote.

Saa nne gari likapiga honi barabarani. Tukaacha majembe. Honi ikapigwa tena. Mwalimu Yesenia akainua kichwa, akalitazama gari, kisha akanigeukia.

"Safu hii ikiisha, naanza ipi?"

Gari likashuka bila yeye. Sikuona haya, nilimkumbatia na matope yangu yote.

Huu ni mwaka wake wa nne hapa. Mwalimu wa ng'ambo huja mara mbili kwa mwezi. Rufina, binti wa dada yangu, alipata nafasi ya masomo. Anamaliza chuo mwakani, anarudi kufundisha hapahapa.

Siku hizi zamu zetu zinaandikwa na kubandikwa mlangoni pa shule. Jumapili iliyopita nilisimama pale na Nélida. Akaweka kidole kwenye karatasi, akasoma kwa sauti, bila kukwama:

"Jumamosi, shamba la Saturnina. Watakaofanya kazi: Leoncio, Nélida, Mwalimu Yesenia."

Sikuwahi kusikia jina langu likisomwa na mtoto wangu.

"Soma tena," nikamwambia.