Mapipa Hayakuambiwa

Bertille alizibua pipa la kwanza, akainua birika amimine, mkono ukamganda hewani. Pipa lilikuwa limejaa. Mvinyo ulikuwa umefika mdomoni kabisa, mwekundu wa kukaribia weusi, umetulia tuli.

Akazibua la pili. Limejaa. La tatu, vivyo hivyo.

Mtu aliyezeeka kwenye mizabibu ya bonde la mto Lot, kusini mwa Ufaransa, anajua kuwa pipa halikai limejaa. Mbao hunywa, hewa hunywa, na kila wiki mwenye mapipa hushuka ghalani, chini ya nyumba, kuongeza kilichopungua, la sivyo mvinyo unachacha. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Anselme, kama ilivyokuwa ya baba yake na babu yake, na Anselme alikuwa na mkono mbovu ajabu. Hakujaza pipa hata siku moja bila kumwaga, na kila akimwaga alitukana, matusi yakapanda ngazi hadi jikoni. Bertille akainamisha taa kukagua sakafu. Hapakuwa na hata tone.

Na Anselme alikuwa kaburini tangu majani ya mizabibu yalipogeuka rangi.

Kwenye vilima vile kuna desturi ambayo vijana huicheka, kisha wanaifuata. Bwana wa shamba akifa, kabla jeneza halijatoka mlangoni, mtu wa nyumbani hushuka ghalani na nyundo ya mti. Hugonga kila pipa mara tatu na kuliambia, "Bwana wenu amekufa." Mvinyo uliokuwa unamjua mtu lazima uambiwe. Bibi za watu walisema usipoambiwa unaendelea kumngoja, na kitu kinachongojwa sana hakikosi kuja, ila huwezi kuchagua kitakachokuja.

Asubuhi ya mazishi Bertille alishuka na nyundo, akasimama mbele ya pipa la kwanza. Ulimi ukawa mzito. Nyumba nzima ilikuwa imeshajua: kitanda kilijua, kiti kilijua, hata mbwa alijua na akaenda kukaa kwa majirani. Palibaki ghala peke yake. Humo chini Anselme alikuwa bado hajafa, na Bertille hakuwa na moyo wa kwenda kumuua. Mwanawe Rémi alipoita kutoka juu, "Mama, gari limefika, umeshayaambia?" alijibu, "Nimeyaambia." Akapanda ngazi akamzika mumewe.

Kwa hiyo siku ile ya mapipa kujaa hakupiga kelele. Alivifunga vizibo kimoja kimoja, akapanda juu, akaketi jikoni. Aliogopa, tena sana. Lakini chini ya woga ule palikuwa na kitu kingine ambacho aliona haya kukitaja hata moyoni mwake, nacho kilikuwa furaha.

Jioni iliyofuata alipika supu ya maharagwe na kitunguu saumu, akapakua bakuli mbili. Moja akaishusha na kuiacha juu ya pipa la mwisho, lile la mavuno ya mwaka huo, mavuno ambayo Anselme alikuwa ameyakanyaga kwa miguu yake kwa ukaidi wakati mashine ipo. Asubuhi bakuli ilikuwa tupu, na chini yake pamebaki duara jekundu. Anselme alikuwa hamalizi supu bila kutia mvinyo kwenye mabaki na kuyanywa kwa bakuli, mama yake akimwona mshamba na yeye akicheka.

Bertille alilia kidogo, akaiosha ile bakuli.

Majira ya baridi yakaendelea. Kila machweo zilianza sauti kutoka ghalani: kizibo kinang'oka, mvinyo unamiminika, nyundo inagonga kizibo kirudi mahali pake. Ikafuata harufu ya tumbaku na sufu iliyolowa. Kisha ikaja sauti, ya chini, karibu mno na mbao za sakafu. "Bibie." Ndivyo Anselme alivyomwita tangu wakiwa vijana. "Bibie, supu leo ina chumvi." Bertille alikuwa akijibu huku amekodolea macho sahani yake, "Basi kesho nitapunguza," na nywele zilimsimama, lakini alijibu.

Rémi alipiga simu Jumapili kutoka Toulouse, kama kawaida yake, redio ikisikika nyuma.

"Mama, uza shamba uje huku. Chumba kipo."

"Kile chenye mashine ya kufulia?"

"Mashine tutaihamisha."

"Unasema hivyo tangu baba yako yu hai. Wewe niambie, siku nikifa, utashuka ghalani?"

"Ah, Mama. Hayo mambo ya mapipa tena?"

Wakaagana. Bertille alibaki ameshika simu muda mrefu baada ya mwanawe kukata.

Aliyegundua ni Philomène. Huyu aliishi mwisho wa barabara, na watu walimfuata awapulizie majeraha ya moto na ugonjwa wa mkanda wa jeshi hata kama walikuwa wametoka kwa daktari saa hiyo hiyo. Alikuja kuomba mayai, akamtazama shoga yake mlangoni, akasahau mayai.

"Wewe mwanamke, umekonda hadi fagio langu linakuonea huruma. Unakula?"

"Nakula."

"Nipe mkono."

Bertille akampa. Kiganja kilikuwa cheupe kama mshumaa, na pete ya ndoa ikateleza yenyewe, ikaanguka, ikabiringika hadi kwenye mlango wa ghala na kusimama hapo. Wote wawili waliitazama. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Bertille," Philomène akanong'ona, "uliyaambia mapipa?"

Bertille akatikisa kichwa kukataa.

Philomène alishuka peke yake. Aliporudi alikuwa anafuta ulimi kwa kitambaa, rangi imemtoka.

"Hayo mapipa yanajaa. Umewahi kujiuliza yanajazwa nini?"

"Ni Anselme anafanya kazi yake."

"Anselme alikuwa anamwaga. Nenda kauonje ule mvinyo, uniambie kama ni zabibu. Una ladha ya kisu kilichochinja. Kinachoongezeka kule chini kinapungua mahali, shoga yangu, na mimi nakiona kinapungua wapi." Akaushika ule mkono mweupe. "Aliyekufa amekufa. Hilo ni jini tu lililokuta kiti kitupu likakaa. Sasa utashuka, wewe mwenyewe, uyaambie yote. Usigeuke nyuma. Usilijibu. Na usibakishe hata moja, maana ukilibakishia pipa moja umelibakishia nyumba."

Bertille alipiga moyo konde akashuka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mizabibu iliyopogolewa, na mwanga kwenye kile kidirisha cha ghala ulikuwa mwekundu.

Aligonga la kwanza mara tatu. "Bwana wenu amekufa." Mvinyo ndani ya pipa ukatikisika, kizibo kikatoa pumzi. La pili. La tatu. Kwenye la nne harufu ya tumbaku ikamjia begani, na kwenye la tano akasikia viatu vya mbao vikimfuata, hatua kwa hatua, vikisimama akisimama, na alipoinua nyundo kwenye la sita baridi ikampitia shingoni hadi uti wa mgongo, akagonga na kusema yale maneno kwa sauti ambayo hakuijua kama ni yake, akaendelea hivyo, macho ameyafumba nusu, huku nyuma yake ile sauti ikinong'ona kwa upole, bila hasira hata chembe, "Bibie, unasema nini? Nani amekufa? Si mimi huyu?" naye akizidi kuuma meno na kugonga, kugonga na kusema, mpaka akafika kwenye pipa la mwisho.

Akainua nyundo.

"Sawa," sauti ikasema. "Niambie niende, nitakwenda. Ila siku yako, bibie, nani atakuja kuyaambia mapipa haya?"

Bertille akasimama na nyundo juu. Akilini alimwona Rémi amekuja na funguo na mnunuzi, koti zuri, simu sikioni, akipita mlango wa ghala bila kuutazama. Aliona mapipa yakimngoja mtu ambaye hakuna aliyejali kusema kuwa hayupo.

Akaishusha nyundo taratibu, akailaza sakafuni.

"Umemaliza yote?" Philomène alimuuliza alipofika juu.

"Nimemaliza."

Philomène akamkumbatia, akapika chai, akaokota pete akamvalisha kwenye kidole cha kati, ambako ilishika kidogo.

Kwa muda mambo yalitulia. Mapipa yalipungua kama mapipa ya watu wengine, na Bertille aliyajaza kwa birika. Lile la mwisho tu ndilo halikupungua. Alishuka kila jioni na bakuli ya supu, akaketi kando yake, akalisimulia bei ya mkate na nani ameolewa kijijini. Alizidi kuwa mwepesi. Ngazi zilimchosha, kisha ngazi zikamshinda.

Siku moja jioni, mwishoni mwa baridi, alikuwa jikoni kwenye kiti, blanketi magotini, sufuria ikitokota motoni bila mtu wa kuipakua. Chini ya sakafu nyundo ikagonga mara tatu.

"Bibi yenu amekufa," sauti ikasema.

Bertille akatazama mikono yake. Ilikuwa inasogea. Moyo ulikuwa unapiga, polepole lakini unapiga.

Hatua za viatu vya mbao, kisha pipa la pili. "Bibi yenu amekufa. Bertille, mke wa Anselme. Alikuwa anatia chumvi nyingi, na alikuwa mwema." Sauti ikakatika hapo, ikameza kitu, ikaendelea kwa la tatu.

Simu ilikuwa mezani, mkono ungeifikia. Alijua pia kuwa neno moja tu lingetosha kumwokoa, kabla pipa la mwisho halijaambiwa. Angesema "nipo" na mapipa yangemsikia, maana mvinyo huamini watu wa nyumbani. Akafumbua mdomo. Lakini kile kitu kule chini kilikuwa kinalia kwa kwikwi kabisa, kama watu wanavyolia mtu wao, na Bertille hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimlilia.

Akaufumba mdomo, akalivuta blanketi hadi kifuani, akatega sikio kusikiliza mapipa yaliyobaki.