Elfu Tano Chini ya Kaloki

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Kaloki alipanda juu ya boneti ya gari alilokuwa akiliuza, akatazama ng'ambo ya barabara ya Mombasa, kisha akapiga ukemi uliowafanya madereva wa malori kwenye foleni ya mizani ya Mlolongo kuchungulia madirishani.

"Ameniibia tena! Ngai wakwa, Mungu wangu, Masila ameniibia tena!"

Kavutha, aliyeuza chai na mandazi kwenye lango la yadi ya magari ya Kaloki mwaka wa tisa sasa, aliweka birika chini. Aliyahesabu magari kwa macho. Yote kumi na manne yalikuwepo, hata ile Demio nyeupe aliyokuwa akiitamani. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amesikia ingeachiliwa kwa elfu mia sita na themanini, akajiona tayari ameshika usukani, anaingia nayo Ndithini kwa mama mkwe huku akipiga honi bila sababu.

Kilichoibwa hakikuwa gari. Kilikuwa bei.

Tangu arudi kutoka semina ya siku mbili kwenye hoteli moja mjini Machakos, Kaloki alikuwa na mkakati. Kwenye kioo cha mbele aliandika bei kubwa. Bei ya mwisho, ile ambayo akishuka chini yake faida inakwisha, aliificha hadi mteja ageuke kuondoka, ndipo amnong'oneze. Mwezi wa kwanza aliuza magari kumi na moja, akaanza kutembea kama mwenye kiwanda huko Japani. Kisha Masila, mwenye yadi ya upande wa pili, akaanza mchezo wake. Jumatatu sita mfululizo, saa tatu kamili, alitundika bango la magari yake ya aina zilezile, lenye bei za siri za Kaloki, kila moja ikiwa imepunguzwa elfu tano. Wateja wakavuka barabara. Mwezi uliopita Kaloki aliuza magari mawili, na moja alilichukua shemeji yake ambaye siku hizi hashiki simu.

"Bei za mwisho tunazijua watu wawili," Kaloki alisema akishuka kwenye boneti. "Mimi na karani wangu. Na mimi sijajiibia."

Karani huyo, Mueni, alisimama mlangoni mwa ofisi amekumbatia faili kama mtoto mgonjwa. Alikuwa binti wa kaka yake Kavutha, na ni Kavutha aliyemtafutia kazi hiyo.

"Bosi, naapa sijamwambia mtu."

"Saa nne kamili napigia polisi simu."

Kavutha alitazama saa. Tatu na robo. Msichana akitolewa hapa kwa gari la polisi, Mlolongo nzima ingejua kabla ya chakula cha mchana. Alijua hivyo kwa sababu kama angekuwa binti wa mtu mwingine, msambazaji wa habari angekuwa yeye mwenyewe.

"Mzee Kaloki, niachie hizo dakika arobaini na tano. Chai yako ya leo ni bure."

"Na mandazi?"

"Na mandazi."

"Mawili?"

"Mawili, na uache kumtolea huyu mtoto macho."

Alianza na Muema, muosha magari. Mtu yeyote mwenye macho alimwona Muema akivuka kwenda kwa Masila kila siku.

"Muema, huko ng'ambo unapelekaga nini?"

Muema aliinamia ndoo yake. "Mama, ni mambo ya kibinafsi."

"Polisi watayauliza kwa sauti kubwa zaidi."

"Ni choo," Muema alisema. "Cha hapa hakina maji tangu mwezi wa tatu. Cha Masila kina maji, na kina sabuni ya kunukia."

Kaloki alikohoa, akatazama mawingu.

"Na leo saa mbili ulikuwa wapi?"

"Bosi alinituma petroli saa moja na nusu. Foleni ilikuwa ndefu, nimerudi sasa hivi tu. Risiti hii hapa."

Risiti ilisema saa mbili na dakika hamsini na mbili. Kavutha akamgeukia Mueni.

"Hiyo orodha ya bei uliichapa lini?"

"Leo saa moja na nusu, anti. Nakala moja. Bosi akaisoma, akaikunja, akaweka mfukoni. Saa mbili tukaingia kwa maombi ya Jumatatu na Pasta Festus."

"Na haijatoka mfukoni?"

"Haijatoka!" Kaloki aliichomoa, akaipunga hewani. "Na huyo Masila ni mwizi na tena ni mwendawazimu. Probox ameshusha elfu tano, Fielder elfu tano, lakini oneni Demio! Ameandika mia sita sabini na tano! Mimi yangu ni mia saba na themanini. Atauza kwa hasara mpaka alie."

Kavutha aligeuka ghafla hata Muema akaacha kuosha.

"Mia saba na themanini?"

"Soma mwenyewe."

Alisoma. Ilikuwa hivyo. Ndoto yake ya Ndithini ilipanda bei kwa elfu mia moja papo hapo.

"Mzee Kaloki," alisema polepole, "leo kwenye maombi ulisema mia sita na themanini."

"Mimi?"

"Ulishika ile Demio kwenye paa, umefunga macho, ukasema: 'Bwana, hii nayo, mia sita na themanini, lete mteja.' Nilisikia kwa sababu nilikuwa napiga hesabu."

Kaloki aliitazama karatasi upya. Kila Jumatatu aliombea kila gari kwa jina lake na bei yake ya mwisho, kwa sauti, kwa kichwa. Kumsomea Mungu karatasi aliona ni kukosa imani.

"Ulimi uliteleza," alikiri. "Si Mungu anajua nilichomaanisha?"

"Mungu anajua. Masila hakujua. Ametoa elfu tano kwa bei ambayo haiko kwenye karatasi yoyote. Mueni angeuza siri, angeuza mia saba na themanini aliyoichapa. Muema alikuwa petroli. Mimi nimekuwa hapa nakumiminia chai tangu Amina."

"Basi amebaki nani?"

Kavutha alielekeza kidole kwenye sahani mezani. Juu yake palikuwa na mandazi mawili, yamepoa.

"Jumatatu ya sita hii Pasta Festus anaacha mandazi. Anasema anakimbilia mgonjwa. Pasta Festus, mtu wa kuomba aongezewe!"

Walivuka daraja la waenda kwa miguu wote wanne. Saa tatu na dakika hamsini walimkuta mgonjwa: alikuwa Masila, mzima buheri wa afya, akimmiminia Pasta chai ya maziwa. Karibu yao, mwanamume mmoja alikuwa akitia sahihi kuchukua Demio ya Masila.

"Pasta," Kaloki alisema. "Maombi yangu?"

Pasta Festus aliweka kikombe chini. "Ndugu Kaloki, Masila pia ni kondoo. Aliniuliza mwenzake ana imani ya kiasi gani. Nikamwambia."

"Kwa elfu tano tano?"

"Kanisa linahitaji basi. Ameahidi kutupa. Lile pale."

Wote waligeuka. Basi dogo la buluu lilikuwa limekaa juu ya mawe manne.

"Halina injini," Muema alisema. Alikuwa akilipita kila siku akienda chooni.

"Injini iko njiani," Pasta alisema, kisha akamtazama Masila kwa mara ya kwanza kama mtu anayefikiria. "Si iko njiani?"

Lakini Masila hakuwa anasikia. Alikuwa amesoma karatasi mkononi mwa Kaloki na sasa anahesabu kwa vidole Demio zake alizouza kwa bei ya ulimi ulioteleza tangu asubuhi. Zilikuwa tatu.

Kaloki alimwomba Mueni msamaha mbele ya watu. Mueni alikubali kubaki kwa masharti mawili: bei za mwisho azipange na kuzitunza yeye peke yake, na choo kipate maji.

Jumatatu iliyofuata waliomba kimoyomoyo. Ukimya ulikuwa mkubwa hadi mfereji wa choo ukasikika ukitiririka. Baada ya Amina, Kavutha alimvuta Mueni kando, mkopo wa chama umekunjwa kwenye leso.

"Mwanangu, ile Demio. Bosi wako aliitaja mbele ya Mungu, mia sita na themanini. Mimi ni shahidi."

"Mia saba na themanini, anti."

"Mimi niliyekuokoa na polisi?"

"Anti, chai yako ni shilingi ngapi?"

"Ishirini."

"Umewahi kunipunguzia?"

Kavutha alifunga leso yake upya, akaokota birika lake.