Siku Bomba Lilipotoa Maji

Yudith aliinjika makande asubuhi. Maji aliyachota mferejini, mahali ambapo ng'ombe pia walikunywa. Bomba la kijiji lilikuwa karibu na mlango wake, lakini lilikuwa kavu tangu mafundi waliolijenga walipoondoka.

Siku hiyo mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja kuliona. Vijana walipandisha ndoo za maji mlimani, wakajaza tangi la bomba. Mwenyekiti Eliamini akapita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Wilbard, mume wa Yudith.

"Marahaba. Mgeni akiuliza, maji yanatoka. Tumeelewana?"

"Leo yatatoka. Kesho je?"

"Kesho mgeni hayupo! Wewe mgeni wako humkaribisha jikoni penye moshi?"

Wilbard akacheka.

Mgeni alipofika alifungua bomba, maji yakaruka.

"Ndugu zangu, maji yanatoka?" aliuliza.

"Yanatokaaa!"

Sauti ya Wilbard ilizidi zote. Irine, binti yao mdogo, alipiga makofi kwa sababu baba yake alipiga. Kisha akakinga viganja.

"Mama, ya baridi!"

Jioni bomba lilikuwa kavu.

Masika yakaja. Mvua ikakokota uchafu wa mashambani mpaka mferejini. Irine akaanza kuharisha na kutapika. Walipomfikisha zahanati, macho yalikuwa yamezama. Muuguzi Beatrice alijitahidi sana. Mchana Irine akafariki.

Msibani Eliamini alisimama. "Kazi ya Mungu haina makosa," alisema. Watu wakaitikia. Yudith hakuitikia.

Baada ya mazishi, Beatrice alikaa nao.

"Maji ya mfereji yachemsheni mpaka yatokote," alisema. "Mtoto akianza kuharisha, mpeni maji ya dawa ya chumvi na sukari, na mumlete mapema. Msingoje."

"Lakini kwa nini wilaya haitupi maji?" aliuliza Wilbard.

"Shemeji, kule wilayani Same wanajua mnayo. Mliulizwa, mkajibu. Bomba lisilo na ubovu nani atakuja kulitengeneza?"

Wilbard akainama.

Kiangazi mgeni alirudi. Tangi likajazwa tena.

"Maji yanatoka?"

"Yanatokaaa!"

Yudith akasimama. "Hayatoki."

"Mheshimiwa, mama huyu amefiwa," alisema Eliamini haraka. "Msamehe."

"Ni kweli nimefiwa. Mheshimiwa, liache bomba wazi. Njoo jikoni kwangu ule makande. Ukimaliza, utaona."

"Yudith, unatutia aibu!" mtu alifoka.

"Mke wangu anasema kweli," alisema Wilbard. "Mimi ndiye niliyedanganya."

Mgeni aliingia, akaketi penye moshi. Kabla hajamaliza sahani, bomba lilikohoa, likanyamaza.

"Mnakunywa nini basi?"

Yudith akaweka mbele yake kikombe cha maji ya mfereji. Mgeni alikitazama. Hakukigusa.

Mafundi walikuja. Walikuta bomba la kuleta maji kwenye tangi limepasuka huko juu mlimani, chini ya jiwe. Walilitengeneza kwa siku chache tu.

Siku ya kulifungua, Eliamini alihutubia. "Maji haya nimeyapigania mimi!" Watu wakapiga makofi.

Yudith hakupiga. Alikuwa anakinga ndoo. Aliweka viganja chini ya maji. Yalikuwa ya baridi, kama Irine alivyosema.

Kisha akajitwika ndoo, akaenda kuyachemsha.