Wanja wa Mwenye Kilima

Mwambire alikuja kazini asubuhi ile amepakwa wanja. Si masizi, si vumbi la shimoni, bali wanja wa haki, mstari mwembamba juu ya jicho na mwingine chini, umechongoka pembeni kama wa bibi harusi. Naye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto watano, mchimbaji wa shimo la kilima cha Dzitoni, mwendo wa siku moja kutoka Malindi ukishaipita Jilore. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamuuliza anaolewa na nani.

"Sikujipaka mimi," alisema Mwambire. "Nimenawa mara tatu. Hautoki."

Baya wa Kambi, msimamizi wa shimo, naye alicheka, kisha akamfunga kamba kiunoni na kumteremsha.

Wanja haukuwa mgeni pale. Kabla mzungu yeyote hajakitia mguu kilima kile, wanawake walikuwa wakichimbua kwa jembe jiwe la kijivu linalong'aa, zito kuliko ukubwa wake, ambalo ukiligonga huvunjika vijisanduku vidogo vya mraba. Kadii, mamake Baya, alikuwa akilisaga na kuwauzia wanawake wa Malindi. Alichukua kiganja kimoja tu kwa msimu, mchana kweupe, akaacha punje za mtama na kushukuru kwa sauti, maana jiwe lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa binadamu.

Kisha mzungu mmoja akakiona kipande cha jiwe lile Malindi, dukani kwa Gulamhussein. Akakinunua, akakiyeyusha kwenye moto wa mkaa. Madini ya risasi yaliyokuwa ndani yake yakaungua, likabaki tone la fedha dogo kama punje ya ulezi. Kwa punje hiyo watu wazima wakatolewa mashambani mwao na askari, msimu wa kupanda, wakapewa sururu. Mzungu huyo walimwita Bwana Nyundo, kwa sababu jiwe na mtu vyote kwake vilikuwa vitu vya kugongwa.

Mwaka ule, 1911, alichimba mtaro ubavuni mwa kilima akaukuta mshipa: ukanda wa jiwe jeupe, upana wa mkono, umesimama katikati ya jiwe la mchanga, na lile la kijivu limetapakaa ndani yake. Uliinama kuelekea mashariki, mahali umekonda kama kidole, mahali umenenepa. Bwana Nyundo alisema chini utanenepa zaidi na fedha itazidi, akaufuata kwa shimo. Kufikia pima sita kuta zilikuwa zikimomonyoka, na kila boriti waliyotia ililiwa na mchwa kabla mwezi haujaandama.

Ndipo akaviona vigango. Vilikuwa nguzo tisa za mti mgumu, zimechongwa vichwa na mabega, ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wakuu waliokufa. Zilisimama katika mji uliohamwa, zote zimeuelekea mshipa, na mchwa hajazigusa.

"Mbao ile mzuri," alisema Bwana Nyundo. "Leta."

Baya angeweza kukataa. Nguzo ya tisa ilikuwa ya Kambi, babake mzazi. Lakini kigango hakihamishwi. Mji ukihama huachwa palepale, na koma, yaani roho ya marehemu, huitwa kwenye mji mpya kwa kibao kidogo na tembo la mnazi. Kadii alikuwa ameshafanya hivyo. Kwa hiyo Baya alijiambia kwamba zile zimebaki mbao tu, nyumba iliyohamwa na mwenyewe. Hakujiuliza kwa nini wazee walizielekeza mshipani zote tisa, wala hakumuuliza mama aliyejua. Alitaka tu yule mtu aache kumfokea mbele ya watu. Vigango vikang'olewa, vikawa nguzo za shimo.

Siku ile alipokuja na wanja, Mwambire hakupanda tena akiwa hai. Saa sita mchana kamba ilitikiswa mara moja, na Dzombo, mdogo wake Baya, alipoteremka alimkuta ameketi ameuelekea mshipa, mikono magotini, macho wazi, hana jeraha. Mle chini mlinuka udi. Na Dzombo akasikia, nyuma ya jiwe, sauti ambayo kila mtoto wa Kadii aliijua tangu kunyonya: mtu alikuwa akisaga wanja, taratibu, jiwe juu ya jiwe.

Wachimbaji walitupa sururu. Bwana Nyundo akatuma askari wawili wakachome nyumba mbili, ya tatu akaahidi kwa siku inayofuata. Sururu zikaokotwa. Baya alimtazama akinywa chai yake mbele ya hema huku moshi ukipanda nyuma ya miti, na hasira ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haikumtoka tena.

Siku ya tatu Dzombo aliamka amepakwa wanja.

Safari hii hakuna aliyecheka. Baya alimsugua kwa majivu, kwa mafuta ya nazi, kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka, na mistari ikabaki chini ya ngozi nyekundu, myembamba na safi. Alimkimbilia mama. Kadii aliwasili jua likiwa utosini, akamtazama Dzombo, kisha akamgeukia Baya na kumpiga kofi la uso mbele ya wachimbaji wote.

"Shikamoo, mayo," Baya alimwambia mamake kwa unyonge.

"Usinishikamoo. Nani alizing'oa?"

"Mimi. Nilidhani hazina mtu. Si uliwaita wote kwenye kibao?"

"Niliwaita, wakaja wanane. Babako hakuja. Alisema mlango hauachwi bila mtu." Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, zile hazikuwa kumbukumbu tu. Zilikuwa mlango. Wewe umeutoa mlango ukaupeleka ndani kwa mwenyewe."

"Anataka nini?"

"Anataka watu kama alivyochukuliwa mawe. Anayempaka ndiye anayemwita. Zirudishe nguzo leo, na mawe yake yote."

Baya alikwenda hemani, akavua kofia, akaomba. Bwana Nyundo hata hakuinua kichwa kwenye mawe aliyokuwa akiyafungia masandukuni.

"Hapana maneno mingi. Kesho ndugu yako nashuka. Kama yeye hapana shuka, mimi nachoma nyumba ya mama yako."

Jua lilikuwa likielemea magharibi Baya alipofika peke yake mdomoni mwa shimo, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya udi ilivyomjia, kwanza kidogo kama nguo ya mtu aliyepita, kisha nzito mpaka ikamkaba, na ile sauti ya kusaga ikapanda kutoka chini, pima kwa pima, kana kwamba msagaji ameinuka na jiwe lake anasaga huku akiikwea kamba, mpaka Baya akahisi mtikisiko kwenye nyayo zake, akajua kwamba akiinama kutazama atatazamana na mtu, na miguu ilitaka kukimbia lakini ile hasira, ambayo sasa ilikuwa kubwa kuliko woga, ilimshikilia palepale.

"Si ndugu yangu," alinong'ona. "Yuko aliyekutaka mwenyewe. Mchukue huyo. Nitakuletea kwa mkono wangu."

Kusaga kukakoma.

Asubuhi macho ya Dzombo yalikuwa safi, hayana wanja hata chembe. Baya alilia kwa furaha, na machozi hayajakauka, Bwana Nyundo akatoka hemani na kigae cha kioo chake mkononi.

"Nani ameharibu kioo yangu?" alifoka.

Mistari ilikuwa imemkaa vizuri kwenye zile kope zake nyeupe. Wachimbaji waliinamisha vichwa. Yeye aliwatukana waoga wote, akasema atashuka mwenyewe awaonyeshe kwamba mle hamna kitu ila fedha. Alipokuwa akifungwa kamba aliona Baya anamkazia macho.

"Natazama nini?"

Neno la kumwonya lilikuwepo ulimini. Baya alizikumbuka nyumba mbili, na Mwambire, na mama yake.

"Hakuna kitu, Bwana."

Alimteremsha kwa mkono wake, polepole, pima sita kamili, hata nyingine ambazo hawakuwa wamezichimba. Kamba iliendelea kwenda, pima saba, nane, kumi. Kisha ikalegea, na ilipovutwa ilirudi na fundo lake halijafunguliwa.

Kadii aliwahimiza wakazitoa nguzo siku ile ile, na mawe yote yakamwagwa shimoni, sanduku kwa sanduku. Nguzo nane zilitoka. Ya tisa, ya Kambi, ilishikwa na watu kumi na wawili ikakataa, na walipopanda juu kuta zikaporomoka zikaifunika. Serikali iliandika kwamba shimo lilibomoka likamuua mzungu na kwamba mshipa haukuwa na maana. Vigango vinane vikasimamishwa tena. Pengo likabaki pembeni.

Kadii aliliangalia pengo lile, kisha mwanawe.

"Uliahidi kwa kinywa chako?"

"Nilimwokoa Dzombo."

"Sikukuuliza hilo," alisema mama, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Baya aliamka na wanja kwenye jicho moja, la kushoto. Hautoki. Jicho lile halipepesi wala halilali, na likitazama jiwe huona mshipa ndani yake, unakokwenda, unakonenepa. Alikaa nalo miaka mitatu, amelifunga kitambaa, na katika miaka hiyo serikali ilikuja na askari wengi zaidi ikachoma miji ya Wagiriama, na wa Kadii ulikuwamo, na Kadii alikuwamo ndani ulipoungua.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, mzungu mwingine alifika na wapagazi wake. Alikuwa na nyundo mpya na karatasi yenye alama ya kilima. Aliuliza nani anaijua njia ya Dzitoni, na watu wote wakatazama chini.

Baya alifungua kitambaa.

"Shikamoo, Bwana," alisema. "Mimi nitakupeleka. Mwenyewe anakungoja."